Mkuza wa bomba ni nini?

Baba mdogo ana kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachagga, huko Old Moshi mlimani Kilimanjaro, lakini mahindi yake analima Kiteto, kama wengi wa huku walioishiwa ardhi mlimani wakashuka kutafuta mashamba Manyara. Aliporudi safari moja aliniuliza: "Mwanangu, mkuza ni kitu gani?" Kwenye mkutano wa kijiji neno hilo lilirudiwa mara nyingi, na kila mtu alitikisa kichwa kama aliyeelewa.

Mkuza ni ukanda wa ardhi, mwembamba na mrefu, unaotengwa ili kitu kipite: bomba la gesi au mafuta, au nyaya za umeme mkubwa. Bomba lenyewe si pana. La mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina kipenyo cha inchi 24, karibu sentimita 60, na linapita Kiteto. Mkuza wake lakini una upana wa mita 30. Hapo ndipo watu wanaposhtuka. Nafasi hiyo yote inatakiwa kwa sababu mtaro ukichimbwa, udongo unalundikwa upande mmoja, na upande wa pili mabomba yanapangwa na kuchomelewa huku mitambo ya kuyanyanyua ikipita kando yake.

Mita 30 ni kiasi gani? Chukua kihamba cha ekari moja chenye umbo la mraba. Kila upande una mita kama 64. Mkuza ukikatiza katikati, unachukua karibu nusu ya ekari, na kinachobaki ni vipande viwili, kila kimoja na upana wa mita 17. Migomba, kahawa, zizi, masale ya mpakani, kaburi la babu: vyote vinategemea mstari umepita wapi.

Mstari huo huanza kwenye karatasi, miaka mingi kabla ya bomba. Wapangaji huanza na ncha mbili: mafuta au gesi vilipo, na mahali meli itakapopakia. Meli hizo ni kubwa na zinahitaji kina cha maji, kwa hiyo bandari haiwekwi popote. Kati ya ncha hizo wanachora njia kadhaa, kisha wanazichuja kwa kukwepa makazi, chemchemi, misitu ya hifadhi, miteremko mikali na maeneo yenye nyufa za ardhi. Kwanza huangaliwa eneo la upana wa kilomita, na mwishoni zinabaki mita. Tathmini ya athari kwa mazingira, inayotakiwa na sheria ya mwaka 2004, hufanyika katika kipindi hiki, na kwa maoni yangu huu ndio wakati mwananchi anapaswa kusema. Bikoni, yaani alama za mpaka, zikishachimbiwa, kuuhamisha mstari ni kazi ngumu.

Mkuza haukai nchi kavu tu. Gesi ya kina kirefu inayokusudiwa kuuzwa nje kupitia Likong'o, Lindi, iko chini ya bahari, hivyo sehemu ya njia yake itapita kwenye sakafu ya bahari hadi kiwandani. Hapo gesi itapozwa hadi nyuzi 162 chini ya sifuri, iwe kimiminika na ujazo wake upungue takriban mara 600, ndipo ipakiwe melini.

Turudi kwa baba mdogo. Nilimwomba ashike jambo moja kuliko yote: siku ya ukomo. Hiyo ni tarehe inayotangazwa wakati wa uthamini, na chochote utakachopanda au kujenga baada yake hakihesabiwi kwenye fidia. Mthamini akija, tembea naye mwenyewe, mche kwa mche, na usitie sahihi fomu ambayo hujaisoma. Fidia haiishii kwenye ardhi, mazao na majengo. Ipo posho ya usumbufu, ipo ya usafiri, na kwa mwenye nyumba ipo ya makazi, inayokokotolewa kwa kodi ya miezi 36. Malipo yakichelewa kupita miezi 6, sheria inataka yaongezwe riba. Makaburi nayo yana sheria yake ya kuyahamisha, ya mwaka 1969.

Bomba likishafukiwa, juu yake hapajengwi nyumba wala hapapandwi miti ya mizizi mirefu kama grevilea, kwa sababu mizizi hukwaruza ganda linalokinga chuma. Masharti ya mazao mafupi na ya kuvuka na mifugo hutofautiana kati ya mradi na mradi, kwa hiyo yaulizwe mkutanoni na yaandikwe kwenye muhtasari.

Baba mdogo alinisikiliza mpaka mwisho, akachukua kalamu akachora shamba lake la Kiteto nyuma ya bahasha: mbuyu, kisima, ghala. Kisha akaniuliza mita 30 ni hatua ngapi za mguu wake.