Unatafuta tafiti za kutuliza masafa ya leza? Anza na majina matatu

Wanafunzi wa fizikia wananiletea lalamiko lilelile: wameandika "leza" na "masafa" kwenye Google Scholar, wakamwagiwa makala maelfu, sasa hawajui washike ipi. Nawaambia waandike Pound-Drever-Hall, majina ya wanafizikia watatu waliopewa heshima ya njia ya kutuliza masafa ya leza, yaani kuzuia kasi ya mtetemo wa mwanga wake isiyumbe. Kila maabara inayotuliza leza kwa njia hiyo huitaja kwa majina hayo matatu, kwa hiyo makapi mengi yanapungua papo hapo.

Makala ya kusoma kwanza ni ya Eric Black, American Journal of Physics, 2001. Imeandikwa kwa ajili ya kufundisha, na inaanza na tatizo lenyewe. Elekeza leza kwenye vioo viwili vinavyotazamana: masafa yakiafikiana na umbali kati ya vioo, mwanga unaorudi hufifia. Masafa yakipanda kidogo, mwanga huo unaongezeka. Yakishuka kidogo, unaongezeka vilevile. Utajuaje kama uyapandishe au uyashushe? Dawa ni kuitikisa awamu ya leza (hatua ambayo wimbi limefikia katika mzunguko wake) kwa masafa ya redio, kisha kuulinganisha mwanga unaorudi na mtikisiko huo. Ishara inayopatikana ni chanya upande mmoja na hasi upande wa pili. Usiruke hapo mpaka uweze kuichora mwenyewe.

Kutoka kwa Black rudi nyuma hadi makala ya 1983 ya Ronald Drever, John Hall na wenzao katika Applied Physics B. Hapo ndipo walipolihamishia kwenye leza wazo la Pound la mwaka 1946, lililohusu mawimbi ya maikrowevu. Halafu fungua orodha ya makala zilizoinukuu hiyo ya 1983. Utaona njia mbili kubwa. Drever alikuwa akiwinda mawimbi ya mvutano, na huko ndiko iliko LIGO, mradi wa Marekani wa kuyanasa mawimbi hayo. Hall, wa JILA, taasisi ya utafiti wa fizikia kule Boulder, Marekani, alitaka vipimo sahihi zaidi vya mwanga. Upande huo utakutana na saa za atomu, na kazi za PTB, taasisi ya taifa ya vipimo ya Ujerumani, zinazotenganisha vioo kwa kipande cha silikoni kilichopozwa hadi kelvini 124, mahali ambapo silikoni haitanuki wala kusinyaa joto likibadilika kidogo.

Ukikuta jarida linadai malipo, andika kichwa cha makala kwenye arXiv, hazina ya mtandaoni ya makala za sayansi. Mara nyingi nakala ya bure ipo.

Na tafadhali, msizipuuze tasnifu za uzamivu. Makala ya jarida ina kurasa chache, haina nafasi ya kueleza saketi ilivyounganishwa au vioo vilivyokingwa na mitetemo ya sakafu. Anayetaka kujenga mfumo wake atayapata hayo kwenye tasnifu, na za JILA ziko wazi mtandaoni.