Kwa Nini Kompyuta ya Dukani Hukataa Kadi ya Michoro?

Kwa miaka niliwashauri watu hivi: nunua mashine ya ofisi iliyotumika Uingereza, ukipata hela uchomeke kadi ya michoro, kile kipuri kinachochora picha za kwenye skrini, na hapo una kompyuta ya michezo. Kuunganishiwa moja kutoka mwanzo, nilisema, ni mambo ya wenye hela za kuchezea.

Kisha nikanunua kadi yenyewe. Fundi wa Oginga Odinga Street, hapa Kisumu, alifungua kasha langu, akachungulia, akacheka. "Omera, hii utailisha umeme wa wapi?"

Nilidhani tatizo lingekuwa nafasi, lakini kadi iliingia vizuri. Shida ni kwamba tundu inamochomekwa kadi, liitwalo PCI Express, hutoa wati 75, basi. Lichukue kama mfereji wa uani: vyombo utaosha, lakini gari kumi kwa saa huoshi, hapo unahitaji bomba lako moja kwa moja kutoka kwenye tangi. Bomba hilo ni waya wa ziada kutoka pawasaplai, kile kisanduku cha ndani kinachogawa umeme: wenye pini 6 huongeza wati 75, wenye pini 8 wati 150. Kadi yangu ilidai pini 8. Pawasaplai yangu haikuwa na waya wowote wa namna hiyo, na tangi lenyewe lilikuwa dogo: kibandiko kilisema wati 240.

"Si tubadilishe pawasaplai tu?" nikauliza. Nilikuwa nimekosea mara ya pili.

Mwaka 1995 kampuni ya Intel ilitoa ATX, kipimo cha pamoja cha vipuri vya kompyuta kinachopanga hadi matundu ya skrubu. Ndiyo maana vipuri vya kompyuta ya kuunganishwa hubadilishana kama vya bodaboda: ukikosa duka hili, jirani anacho. Waya wake mkuu siku hizi una pini 24. Nikahesabu za kwangu: 6. Mashine nyingi za ofisi hupelekewa hasa volti 12, kisha ubao mama, ule unaobeba vipuri vyote, hujitengenezea wenyewe volti ndogo. Adapta zipo kwa baadhi ya modeli, lakini pawasaplai kubwa haienei kwenye kasha jembamba vile.

Mpangilio huo niliuita ulafi wa kampuni. Huenda umo, ila pia hupunguza umeme unaopotea mashine ikiwa imetulia, na Intel yenyewe baadaye ilitoa kipimo cha aina hiyo, ATX12VO.

Si zote zilizo hivyo. Baadhi ya makasha marefu yana ATX ya kawaida. Kwa hiyo kama una mpango wa kuongeza kitu, mwombe muuzaji afungue ubavu kabla hujatoa pesa, uhesabu pini. Kama ni kuchapa barua na hesabu za duka, chukua ya ofisi ulale.

Mimi niliishia kuunganisha mashine ya pili kuizunguka kadi ile, kama mtu aliyenunua mlango kwanza kisha akaanza kutafuta kiwanja.