Tathmini ya kisaikolojia ya mwanafunzi ni nini?

Mtoto wa Gredi ya 4 anakusimulia hadithi nzima bila kukwama. Mpe kitabu asome mstari mmoja, anatokwa na jasho. Shuleni anaitwa mvivu, nyumbani wanasema ana kichwa kigumu. Tathmini ya kisaikolojia ni uchunguzi wa kutafuta kinachomkwamisha, na inaniuma kuona wazazi wakiiogopa kama hukumu.

Humo hamna kupita wala kufeli. Mwanasaikolojia huanza na mzazi: mtoto alianza kuongea lini, aliwahi kuugua sana, amehama shule ngapi? Macho na masikio yapimwe mapema, maana asiyeona ubao huonekana mzito wa kuelewa. Kisha mtoto hupanga vipande kufuata mchoro, hurudia tarakimu alizotajiwa, hueleza maana za maneno, husoma, huandika, hupiga hesabu.

Kipimo cha uwezo wa akili kinachojulikana sana ni cha Wechsler, cha umri wa miaka 6 hadi 16. Wastani wake ni 100, na takriban watoto wawili kati ya watatu hupata kati ya 85 na 115. Mzazi hukimbilia alama ya jumla, ilhali penye habari ni kwenye mapengo kati ya alama za sehemu zake. Mtoto mwenye 112 katika kufikiri kwa maneno na 78 katika kasi ya kazi anaelewa somo vizuri. Kengele ndiyo humkuta hajamaliza kuandika.

Hapa Nairobi lugha nayo ina uzito wake. Kipimo hicho kilitungwa Marekani, kwa Kiingereza. Mtoto wa Kayole anayecheza kwa Sheng, anayeongea na nyanya yake kwa Kikamba na kukutana na Kiingereza darasani, anaweza kupoteza alama za msamiati bila kasoro yoyote akilini. Kwa hiyo muulize mpimaji bila haya: mwanangu umempima kwa lugha gani, na hilo umelizingatiaje?

Si lazima uanzie kwa daktari wa bei ghali. Serikali ina vituo vya tathmini ya elimu tangu 1984, na Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya, KISE, iko Kasarani. Ukipewa ripoti, itazame ukurasa wa mapendekezo. Ikitaja disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika maneno, ieleze pia mwalimu afanye nini Jumatatu asubuhi: amfundishe sauti za herufi hatua kwa hatua, amwongezee muda, asimsimamishe kusoma mbele ya wenzake. Kama ukurasa huo haupo, rudi ukaudai.