Msaada wa malezi ya mtoto koleji si zile saa 30

Msimu wa kujiandikisha koleji ukikaribia huku Uingereza, maneno yaleyale huanza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya kina mama wanaozungumza Kiswahili, kuanzia Leicester hadi London Mashariki. Mmoja anaandika, "Ukisoma, serikali inakulipia nasari." Mwingine anamkatiza, "Acheni kudanganya watu, saa 30 za nasari za bure kwa wiki ni za wanaofanya kazi tu, mwanafunzi hana chake." Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, ila wanazungumzia vitu viwili tofauti kana kwamba ni kimoja. Anayeumia ni yule wa tatu, anayesoma ujumbe bila kuchangia, kisha anaamua kungoja hadi mtoto aanze shule. Hiyo ni miaka minne inayokwenda hivihivi.

Msaada wa malezi wa koleji, kwa ufupi, ni fedha za umma ambazo serikali huikabidhi koleji, nayo koleji huzitumia kumlipia mwanafunzi mwenye mtoto gharama ya nasari au ya mlezi aliyesajiliwa, ili mzazi aweze kuhudhuria masomo. Nazungumzia England hapa, na nazungumzia masomo yasiyo ya chuo kikuu: ESOL (Kiingereza kwa wenye lugha nyingine), hisabati, GCSE (mitihani ya sekondari) za watu wazima, uhasibu, ususi, huduma za afya, na ile diploma ya Access, ya kuingilia chuo kikuu, ambayo wengi wetu huipitia tukielekea uuguzi.

Tatizo linaanzia kwenye saa 30. Hizo ni haki iliyowekwa kisheria. Zilianza Septemba 2017 kwa watoto wa miaka 3 na 4 ambao wazazi wao wanafanya kazi. Aprili 2024 watoto wa miaka 2 wa wazazi wanaofanya kazi wakaongezwa kwa saa 15, Septemba mwaka huohuo wakafuata wa kuanzia miezi 9, na Septemba 2025 wote hao wakafikishwa saa 30. Sharti lake ni kipato cha kazi: kwa kawaida kila mzazi aliyemo nyumbani awe anapata angalau sawa na saa 16 kwa wiki za mshahara wa kima cha chini. Kusoma hakuhesabiwi kuwa kazi, hata ukikaa darasani kutwa. Ukitimiza masharti unapewa, na hakuna ofisa wa koleji anayeketi kuamua kama unastahili.

Fedha za koleji hazifanyi kazi hivyo hata kidogo. Zinatoka kwenye mfuko uitwao Learner Support, na ndani yake kuna fungu la malezi kwa wanafunzi wa miaka 20 na kuendelea. Si haki ya kila mtu. Koleji inapewa kiasi fulani, inajiwekea kiwango chake cha kipato cha familia na kikomo chake cha malipo, kisha inaamua. Swali inalotakiwa kujiuliza ni hili: je, bila msaada wa malezi, mwanafunzi huyu yuko hatarini kushindwa kuanza au kuendelea na masomo? Mama anayeandika kwenye fomu kwamba "ningependa kusaidiwa" anajinyima mwenyewe. Anayeeleza kwamba hana wa kumwachia mtoto Jumanne na Alhamisi, na kwamba bila nasari hataweza kufika darasani, amejibu kile kinachoulizwa.

Kwa hiyo usishangae dada yako wa Luton akilipiwa yote na wewe wa Coventry ukalipiwa nusu. Huenda hakuna aliyekuonea. Ni mifuko miwili yenye masharti mawili. Na mfuko unaweza kwisha. Anayepeleka fomu Julai na anayepeleka Novemba hawako mahali pamoja, hata kama shida zao zinalingana. Nimeona wenye haja kubwa wakikosa kwa sababu tu waliambiwa ni haki yao, wakaona hakuna haraka.

Kuna jambo jingine linalozua manung'uniko kwenye jamii yetu. Fedha hizi huenda kwa anayemtunza mtoto, na huyo lazima awe amesajiliwa. Kwa England hiyo maana yake ni Ofsted, idara ya serikali inayokagua shule na walezi wa watoto, au wakala uliosajiliwa na Ofsted. Masharti yanakataza wazi kulipia malezi yasiyo rasmi, kama yale ya ndugu. Bibi aliyesafiri kutoka Tanga kuja kukaa na mjukuu hawezi kulipwa kwa fungu hili, wala shangazi, wala jirani mwema wa ghorofa ya juu. Najua inaudhi, maana bibi ndiye mtoto amemzoea na Kiswahili anakipata kwake. Lakini sharti ni hilo, na aliyekuambia "watakupa hela umpe mama yako" alikupoteza.

Yule wa pili kwenye kundi naye, anayesema mwanafunzi hana chake, amekosea zaidi kuliko anavyojua. Kila mtoto wa miaka 3 na 4 nchini England ana saa 15 za bure kwa wiki kwa wiki 38 za mwaka, mzazi awe kazini au la, kuanzia muhula unaofuata baada ya kutimiza miaka 3. Wapo pia watoto wa miaka 2 wa familia zenye kipato kidogo wanaopata saa 15 zao. Wiki 38 hizo zinakaribiana sana na kalenda ya koleji. Ndiyo maana koleji nyingi zitakuuliza kwanza kama umeshazitumia saa hizo, kisha fungu lao lizibe pengo linalobaki. Basi mwanafunzi ambaye hafanyi kazi anaweza kuwa na saa 15 za mtoto wake na juu yake akalipiwa zilizobaki na koleji. Hilo silisikii likisemwa popote.

Umri nao una mpaka wake. Aliye chini ya miaka 20 siku anapoanza masomo haruhusiwi kuchukua fungu la malezi la Learner Support. Yeye ana mpango wake uitwao Care to Learn, unaolipa hadi pauni 180 kwa wiki kwa kila mtoto, au 195 akiwa London. Huo una viwango vilivyowekwa na serikali. Binti wa miaka 19 akiambiwa na mama wa miaka 30 "mimi nilipewa na koleji", amepelekwa mlango usio wake, na kinyume chake pia hutokea.

Na diploma ya Access? Hapo watu huogopa neno mkopo. Wengi huisoma kwa Advanced Learner Loan, ambao kweli ni mkopo, ingawa ukiendelea hadi ukamaliza shahada yako, kinachobaki cha mkopo wa Access hufutwa. Malezi ya mtoto kwa wanafunzi hawa hutoka kwenye mfuko mwingine wa koleji, Loans Bursary Fund, na hizo hazirudishwi. Kuna dada zetu waliokataa kuomba kwa kudhani nasari ya mtoto itaongezwa kwenye deni. Haiongezwi. Ukishavuka kuingia chuo kikuu, mambo yanabadilika tena: kuna Childcare Grant kwa wanaosoma muda wote, na kwa wauguzi kuna nyongeza ya pauni 2,000 kwa mwaka kutoka mfuko wa NHS, huduma ya afya ya taifa, kwa mwenye mtoto wa chini ya miaka 15. Hayo ya chuo kikuu usiyalete kwenye mazungumzo ya koleji.

Kwa walioingia nchini karibuni, kwa kawaida masomo yenyewe hugharimiwa na serikali baada ya miaka 3 ya ukaazi halali, lakini mkimbizi aliyekwisha kukubaliwa hangojeshwi. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi wakumbuke hilo wanapoulizwa.

Naona England imekosea kwa kuigawa kazi na masomo namna hii. Mama anayesafisha ofisi saa 16 kwa wiki anapewa saa 30 kwa haki, na sawa kabisa, anastahili. Mwenzake anayekaa saa 16 darasani akijifunza Kiingereza ili aache kusafisha ofisi anabaki kuandika barua ya kujieleza. Wales waliliona hili: tangu Septemba 2022, saa 30 zao za watoto wa miaka 3 na 4 zinawahusu pia wazazi walio kwenye elimu au mafunzo, koleji na chuo kikuu. Haikuhitaji miujiza, ilihitaji kukubali kwamba anayesoma naye yuko shughulini.

Basi wewe unayeandika kwenye kundi kwamba serikali inalipa, ongeza tu kwamba ni koleji inayoamua, kwamba inamlipa aliyesajiliwa, na kwamba fomu ipelekwe kabla ya likizo ya kiangazi. Nawe unayejibu kwamba mwanafunzi hana chake, mwelekeze huyo mama kwenye ofisi ya huduma za wanafunzi ya koleji yake, aulize kuhusu Learner Support na fungu la malezi la miaka 20 na kuendelea, kwa jina hilohilo. Akiuliza saa 30 ataambiwa hapana, na watakuwa wamemjibu kweli.