Lile jiwe la kusagia halikuanza na mahindi

Watu wengi wakiona jiwe la kusagia la zamani wanasema hapo ndo mababu walikuwa wanasaga mahindi tangu enzi na enzi. Hapana jamani. Mahindi asili yake ni Meksiko, huku Afrika yamefika baada ya 1492, mawe yalikuwepo kitambo sana yakisaga mtama, uwele na ulezi. Na ule ulaini wa katikati wala sio uzuri, jiwe likishateleza nafaka inakimbia tu haisagiki, inabidi uligongegonge na jiwe jingine gumu mpaka lipate ukali tena (mikono inachoka balaa), ndo maana linazidi kuchimbika. Ulezi unasagika bila shida, mahindi makavu ndo yanasumbua, mara nyingi yanatwangwa kwanza kwenye kinu.