Je, wajua kwa nini bendi ya Witch ya Zambia ilifyatua albamu yake ya kwanza Nairobi?

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, vijana watano wa Kitwe, mji wa migodi ya shaba nchini Zambia, walikuwa na karibu kila kitu ambacho bendi ya roki inahitaji. Walikuwa na magitaa ya umeme yenye mlio wa kukwaruza, nyimbo walizotunga wenyewe, na mashabiki waliokuwa tayari kukesha nao. Bendi yao iliitwa Witch, kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya "tunakusudia kuzua vurugu". Mwimbaji wao, Emmanuel Chanda, alijulikana zaidi kwa jina la Jagari, kutokana na Mick Jagger wa Rolling Stones.

Kampuni ya kuwabeba hawakuwa nayo. Wakajitegemea, wakatoa albamu inayoitwa Introduction, ambayo mara nyingi hutajwa kuwa albamu ya kwanza kuuzwa sokoni na bendi ya Zambia. Lakini sahani zenyewe hazikutengenezwa Kitwe wala Lusaka. Zilitoka Nairobi, zaidi ya kilomita 2,000 kwa barabara. Kwa nini safari yote hiyo?

Ni kwa sababu kurekodi wimbo na kufyatua santuri ni kazi mbili zilizo mbali kabisa. Zambia ya wakati huo ungeweza kurekodi. Kufyatua hungeweza.

Neno "kufyatua" ndilo wazee wetu wa muziki walilotumia, na nalipenda kwa sababu linasema kweli tupu: santuri hufyatuliwa kama tofali. Inahitaji kalibu. Tofauti ni kwamba kalibu ya tofali fundi yeyote huigongea mbao asubuhi akaitumia mchana, ilhali kalibu ya santuri ni kazi ya kiwanda kizima.

Fuatana nami hatua kwa hatua. Bendi inatoka studio na kanda ya sumaku. Kanda inachezwa, na mashine yenye sindano kali inachora sauti ile juu ya sahani laini iliyopakwa laka. Inachora mfuo mmoja tu mrefu, unaoanzia ukingoni na kuzunguka hadi karibu na katikati. Mngurumo wa besi unaufanya mfuo uyumbe kwa mawimbi mapana, na matoazi yanaacha mikunjo midogo sana. Sahani hii ni laini mno, ukiicheza mara chache inaharibika. Kwa hiyo inanyunyiziwa utando wa madini ya fedha ili ipitishe umeme, kisha inazamishwa katika bafu la kemikali, na umeme unaivika nikeli polepole mpaka inakuwa bamba gumu. Bamba hilo likibanduliwa, kila palipokuwa na mfuo sasa pana kigongo. Ni sauti iliyogeuzwa nje ndani. Kutokana nalo huzalishwa bamba jingine lenye mifuo, linaloitwa mama, na mama ndiye anayezaa kalibu zenyewe za kufyatulia. Zinazaliwa kadhaa, kwa kuwa kila moja huchakaa kwa kazi.

Ndipo zamu ya mashine kubwa inafika. Donge la plastiki lililolainishwa kwa joto linawekwa kati ya kalibu mbili, upande A na upande B, pamoja na zile karatasi za duara zenye jina la wimbo. (Hazigandishwi kwa gundi. Joto na mgandamizo huzishikamanisha na plastiki papo hapo.) Mvuke wa moto unapita ndani ya mashine, mgandamizo wa tani nyingi unashuka, kisha maji baridi yanafuata ili sahani igande. Kingo zinakatwa. Imetoka moja.

Sasa hesabu: boila ya mvuke, mitambo ya maji, bafu za kemikali, plastiki ya kuagiza nje, na mafundi wanaoweza kusikia kasoro moja katika mifuo yote hiyo. Hakuna anayejenga haya kwa ajili ya bendi moja. Hujengwa mahali ambapo kazi inamiminika kutoka pande nyingi, na Nairobi ilikuwa mahali hapo tangu miaka ya 1950. Sisi Watanzania tunalijua hili. Bendi zetu zilirekodi Radio Tanzania, lakini waliotaka santuri walitazama Nairobi. Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz sauti yao ilizagaa katika sahani za kutoka huko.

Kwa Mzambia kulikuwa na jambo jingine la ziada. Kusini kulikuwa na viwanda pia, Rhodesia (Zimbabwe ya leo) na Afrika Kusini, lakini huko kulitawala serikali za wazungu wachache, na Januari 1973 Rhodesia ilifunga mpaka wake na Zambia. Nchi nzima ikageuza uso kaskazini. Shaba yenyewe ilikuwa ikitafuta njia ya kupitia Dar es Salaam. Sioni ajabu muziki nao ukaelekea huko huko. Bendi nyingine ya Zambia, Musi-O-Tunya, ilikwenda mbali zaidi: albamu yake Wings of Africa waliirekodi Nairobi kwenyewe.

Bendi inayojitegemea hulipa gharama hizi zote kabla ya kuuza sahani hata moja. Ndiyo maana jukwaa lilikuwa duka lao. Maonyesho ya Witch yaliweza kuanza saa 1 jioni na kuendelea hadi saa 8 usiku, na hadhira ya namna hiyo ndiyo iliyonunua santuri mkononi mwa wapigaji wenyewe. Rais Kenneth Kaunda naye aliagiza asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Kizambia, agizo ambalo bila sahani za wenyeji lisingetekelezeka.

Baadaye bei ya shaba iliporomoka, fedha zikakauka, na UKIMWI ukawachukua wanamuziki wengi wa kizazi kile. Kati ya wale waanzilishi watano amebaki Jagari peke yake. Mwaka 2012 kampuni ya Now-Again ya California ilizitoa upya albamu za Witch kwa pamoja, na mwaka 2023 Jagari alitoa mpya, Zango, chini ya jina lile lile.

Kama una santuri ya zamani nyumbani, itoe kwenye bahasha uiinamishe chini ya taa. Tazama ule ukanda mtupu unaong'aa, baina ya mwisho wa wimbo na karatasi ya katikati. Utaona herufi na tarakimu ndogo, pengine zimechorwa kwa mkono na zimepinda kidogo. Ni namba ya kalibu. Fundi aliiandika kwenye ile sahani laini ya laka, na mwandiko wake ukapita kwenye fedha, kwenye nikeli, hadi kwenye kila nakala. Ya baba yangu, ya wimbo wa dansi uliofyatuliwa Nairobi, ina tarakimu 4 na mkwaruzo mmoja mrefu, kama kalamu iliteleza.