Paka Amenenepa: Maswali na Majibu Kuhusu Kumpangia Chakula

Nitajuaje kama paka wangu ni mnene, au ni manyoya tu?

Usimtazame, mpapase. Kwanza jipime mwenyewe. Kunja ngumi, pitisha vidole vya mkono wa pili juu ya vifundo. Mbavu za paka zikichomoza hivyo, amekonda. Sasa nyoosha mkono upapase mgongo wa kiganja: mifupa unaisikia chini ya ngozi bila kubonyeza. Hizo ndizo mbavu za paka mwenye uzito mzuri. Geuza kiganja, papasa upande wa ndani, pale vidole vinapoanzia. Huupati mfupa mpaka ubonyeze. Paka wa namna hiyo amezidi.

Kisha msimamie umtazame kutoka juu. Nyuma ya mbavu pawe na kiuno. Kijingozi kinachoning'inia chini ya tumbo karibu na miguu ya nyuma kisikutishe, paka wengi wanacho, hata wembamba. Kama kinachezacheza kitupu ni maumbile, kama ni kizito kimejaa, hayo ni mafuta.

Ukiwa na mizani, panda umempakata, halafu panda peke yako, utoe. Paka wengi wa kwetu wakikomaa huwa kati ya kilo 3 na 5. Nusu kilo ya ziada unaweza kuidharau, lakini kwa paka wa kilo 4 ni kama mtu wa kilo 70 kuongezeka karibu kilo 9.

Mbona wageni humsifu kwamba anatunzwa?

Humsifu kwa nia njema. Lakini paka mnene yuko karibu zaidi na kisukari, viungo vinamuuma, na mara nyingi hafiki tena kujilamba mgongoni karibu na mkia. Ukiona manyoya ya pale yamesokotana na yana mba, sababu inaweza kuwa ni hiyo.

Nimjazie bakuli ale anapotaka, au nimpe kwa saa?

Kwa saa, na kwa kipimo. Ni kweli kwamba paka kwa asili hula kidogo kidogo mara nyingi: panya mmoja ana kama kalori 30 tu, kwa hiyo paka anayejitafutia huwinda mara kadhaa kwa siku. Lakini panya hufukuzwa, hunyatiwa, na mara nyingi huponyoka. Bakuli halikimbii. Paka wa ndani asiye na la kufanya atalirudia kwa sababu lipo, kama sisi na sahani ya karanga mezani.

Milo miwili ni sawa, mitatu au minne midogo ni bora zaidi ukiweza. Idadi ya milo haisumbui sana, jumla ya siku ndiyo inayonenepesha. Na jumla hiyo huharibika katika nyumba yenye watu wengi. Nyumbani kwetu nilimpunguzia paka chakula wiki tatu nzima na hakupungua hata kidogo. Nilipouliza ndipo nikajua: mama humpa akitoka kuswali alfajiri, mdogo wangu humpa akirudi shule, na mimi humpa usiku. Kila mmoja alidhani ndiye pekee anayemwonea huruma.

Tulichofanya ni kupima chakula cha siku nzima asubuhi na kukitia kwenye kopo moja lenye mfuniko. Anayetaka kumpa anachota humo. Kopo likiisha, limeisha mpaka kesho. Mama bado anampa alfajiri, na hakuna aliyenyimwa raha ya kumlisha.

Kiasi gani kinatosha?

Paka mzima wa kilo 4 anayeishi ndani huhitaji takriban kalori 200 kwa siku. Chakula kikavu cha paka kwa kawaida kina kalori 350 hadi 400 katika gramu 100, kwa hiyo gramu 50 hadi 57 kwa siku nzima zinamtosha. Ni kama nusu kikombe cha chai. Watu wengi hushtuka wakiona udogo wake. Ukizidisha gramu 10 kila siku, konzi moja ya mtoto, umemwongezea karibu moja ya tano ya mahitaji yake. Anza na kipimo kilichoandikwa kwenye mfuko, kisha papasa mbavu kila baada ya wiki mbili na urekebishe.

Paka aliyehasiwa mahitaji yake hupungua kwa takriban robo, huku njaa ikizidi. Mpimie upya mara tu baada ya upasuaji, usingoje anenepe. Paka wachanga, wenye mimba na wanaonyonyesha wasipunguziwe chakula.

Sisi humpa ugali na dagaa. Ni vibaya?

Dagaa ni nyama, na paka hawezi kuishi bila nyama. Mwili wake hautengenezi vya kutosha taurini, kirutubisho kilichomo kwenye nyama, na akiikosa moyo na macho huharibika. Ugali ukiwa ndio mwingi, anashiba kalori huku akikosa hicho. Geuza uwiano: nyama au samaki wengi, ugali kidogo kama upo. Dagaa waoshe chumvi, wachemshe, na mchuzi mwagia chakulani, kwa sababu taurini huyeyukia humo. Usimtilie vitunguu, vitunguu saumu wala mifupa iliyopikwa. Usimlishe samaki peke yake miezi na miezi, na maini yawe mara moja moja. Maziwa mengi huwaharisha paka wazima, maji yanatosha.

Mwezi wa Ramadhani ratiba yote hugeuka. Nifanyeje?

Kopo ni lile lile. Mlo mmoja mpe wakati wa daku, mwingine baada ya futari, na vinavyobaki mezani visihesabiwe kuwa si chakula. Kipande cha samaki ukimpa, toa kiasi chake kwenye kopo.

Ananiamsha saa 10 usiku akilia. Nikimpa ananyamaza.

Ndiyo maana kesho anarudi. Sogeza mlo wa mwisho karibu na wakati wako wa kulala, mchezeshe kamba dakika chache kabla yake, na asubuhi usimpe mara tu unapoinuka. Oga kwanza, chemsha chai, ndipo umpe. Siku za mwanzo atapiga kelele zaidi. Vumilia.

Je, nimfungishe siku mbili tatu apungue haraka?

Usifanye hivyo kamwe. Paka mnene asipokula kwa siku mbili au zaidi, mafuta ya mwili humiminikia kwenye ini na anaweza kufa. Punguza polepole. Asilimia 1 ya uzito wake kwa wiki inatosha, yaani paka wa kilo 6 apungue kama gramu 60. Akisusa chakula siku nzima, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Wangu anakula sana na bado anakonda.

Hiyo si kazi ya ratiba. Akiwa mdogo, huenda ni minyoo. Akiwa mzee, hasa kama pia anakunywa maji mengi na kukojoa sana, daktari achunguze kisukari, figo na tezi ya shingoni. Mpeleke wiki hii, na umwandikie daktari anakula gramu ngapi kwa siku. Ukiwa na kopo, jibu unalo.